Nywele za Siku ya Picha

Mpiga picha alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa na nywele. Tuanzie hapo, maana wengine wangerukia msiba moja kwa moja, na msiba wa mtu huuelewi kama hujui alichopoteza. Zilikuwa nywele nyingi, nyeusi ti, zikifumuliwa zinafika mabegani, na nyumba nzima ilizitumikia. Jumapili jioni mama alikaa kitini, binti akakaa sakafuni, kitana kikaanza kazi na kelele zikaanza. Baba yeye aliongeza sauti ya redio.

Shuleni kwao nywele ziliruhusiwa mradi zifungwe nyuma. Sasa ikaja siku ya picha. Darasa la binti lilikuwa la mtihani wa mwisho, na kila mtahiniwa alitakiwa awe na kitambulisho chenye picha mpya, sare safi, kichwa wazi. Huna picha, huna kitambulisho. Huna kitambulisho, mlango wa chumba cha mtihani hufunguliwi, unarudia mwaka mzima na watoto waliokuwa wakikuamkia. Hilo halikuwa na mjadala. Na aliyepewa kazi ya kupiga picha hizo, kama kila mwaka, alikuwa baba yake mwenyewe.

Basi binti akataka apendeze. Mtoto wa mpiga picha anatokaje hovyo kwenye picha? Kosa lake lote lilikuwa hilo, na mimi sioni kama ni kosa.

Jumamosi alikwenda saluni na rafiki yake, msichana waliyemwita Kasuku, na hakuitwa hivyo kwa ajili ya manyoya. Kasuku alikuwa na binamu msusi, hodari ajabu, kwa maneno ya Kasuku mwenyewe. Binti akaomba apunguzwe ncha na kulainishwa kidogo. "Kidogo tu," akasema, akaonyesha kwa vidole. Msusi akampaka dawa ya kulainisha, na hapo simu ikaita. Yalikuwa mambo ya mapenzi, na mambo ya mapenzi huwa hayana ufupi. Dawa ile inataka kuoshwa mapema. Ilikaa hadi binti akapiga kelele kwamba kichwa kinawaka moto. Walipoosha, fungu zima la nywele za upande wa kushoto lilibaki kwenye beseni.

Mtu mwenye haya angeomba radhi na kuuweka mkasi chini. Huyu akasema atasawazisha. Aliyewahi kuona fundi akisawazisha miguu ya meza anajua mambo yanavyokwenda. Alikata kulia, kushoto kukaonekana kurefu. Akakata kushoto, kisogoni kukabaki kichaka. Akafyeka kichaka, juu kukasimama kama jogoo. Alipomaliza, hapa palikuwa na nywele za kushikika na pale ngozi tupu, na mistari ya mkasi unaihesabu ukiwa mlangoni.

Binti alirudi nyumbani amejifunika sweta kichwani, jua la mchana likiwaka. Alipita sebuleni bila salamu, akajifungia chumbani. Mama, ambaye ni muuguzi na amezoea kuona mambo, aligonga mlango, akaingia, akatoka akiwa amejishika kiuno.

"Vipi?" baba akauliza.

"Usimwangalie sana."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza, na ikashika nyumba nzima. Hakuna aliyemwangalia sana. Mama aliongea naye huku akikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Jirani alikuja na sauti ya chini kama ya mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema nywele ni kitu cha kuota tu, akanywa chai yake, akaenda zake kuwasimulia wengine. Shangazi alipiga simu na kulia zaidi ya mwenye kichwa. Wigi la shangazi mwingine likaletwa. Lilimkaa binti kama kofia ya bondia. Mama alijaribu kumsuka, nywele hazikushikika. Akajaribu kilemba kizuri cha maua, binti akakumbusha kwa sauti ya chini kwamba picha ni kichwa wazi.

"Jumatatu siendi shule," akasema.

"Mwanangu, Jumatatu ndiyo siku ya picha."

"Ndiyo maana siendi."

Mama akaenda kumwambia mumewe kwamba safari hii mtoto hatanii, na kwamba mwaka mzima unaweza kupotea kwa ajili ya mkasi wa mpumbavu mmoja. Baba alisikia. Roho ilimuuma, tena sana. Lakini alikuwa mtu wa vitendo, na watu wa vitendo wakiumwa roho hukimbilia kazini.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, pazia la buluu, viti viwili na kioo cha wateja kujitazama kabla. Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu. Kilichomlisha mpiga picha huyu kilikuwa kompyuta iliyokuwa nyuma ya pazia. Alikuwa bingwa wa kurekebisha. Chunusi alizifuta. Aliyekuja na fulana alitoka na suti na tai. Aliyepepesa macho alipewa macho yake mwenyewe kutoka picha nyingine. Babu aliyefariki aliwahi kumsimamisha kwenye picha ya harusi ya mjukuu, mkono begani mwa bwana harusi, na ukoo mzima ukalia kwa furaha. Watu walimwambia, "Wewe bwana unaweza kunyoosha hata mto." Akazoea kuamini hivyo.

Jumapili mchana alifungua studio ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Simu yake ilikuwa na picha aliyompiga binti siku ile ile ya Jumamosi usiku, wakati wa chakula, kwa kuibia. Uso wa sasa, macho yamevimba. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha ya mwaka uliopita, nywele zote zipo, zimefungwa nyuma, zinang'aa. Akazikata zile nywele kutoka picha ya zamani na kuzivika kichwa cha sasa. Alishona unywele mmoja mmoja kwenye paji la uso. Aliuondoa uvimbe wa macho. Sare aliitoa kwenye picha ya mwanafunzi mwingine wa mwaka jana. Mabega yalimsumbua kidogo, akayapata. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akatazama, akajipigia makofi. Haki ya Mungu, kazi ilikuwa safi. Hata mama mzazi asingetambua.

Akachapa, akakata vipande vidogo, akavitia kwenye bahasha ya studio. Njiani alitembea kama mtu aliyebeba dawa. Picha ndiyo hiyo imepatikana, binti hana haja ya kukaa mbele ya kamera wala ya mtu yeyote. Yeye atazipeleka zile za wenzake na hii ikiwa katikati, mchezo umekwisha.

Binti alikuwa kitandani, kaegemea ukuta, amevaa kofia ya sweta. Baba akaketi kwenye kiti cha kusomea.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu alipozaliwa, "hebu tazama nilichokuletea. Tatizo limekwisha."

Binti akaifungua bahasha. Akaitazama picha. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Nani huyu?"

"Ni wewe! Nani tena?"

"Baba." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hapo ndipo ilipomtisha baba. "Kumbe na wewe."

"Na mimi nini?"

"Wote mnaniambia siyo mbaya. Mama anasema siyo mbaya sana. Jirani anasema nimekuwa kama mrembo wa gazetini. Nikasema angalau baba hajasema kitu, labda yeye kweli haoni kitu kibaya. Kumbe ulikuwa studio unanifuta."

"Sikukufuta, mama, nimekurudishia..."

"Basi mpeleke huyo akafanye mtihani." Akamrudishia bahasha. "Huyo amependeza."

Baba alitoka na bahasha yake mkononi kama mtoto aliyerudishwa dukani na mkate mbaya. Alimsimulia mkewe, akitegemea japo huruma kidogo.

"Ala!" mama akasema. "Sisi wenzako tunakazana kulificha kwa mdomo, wewe umeenda kulichapa?"

Baba alisema alitaka kusaidia. Mama akasema hilo analijua, na kwamba kujua hakumsaidii, kisha akaenda zamu. Baba akabaki na aibu yake sebuleni. Ilikuwa aibu hasa, siyo ya kuonewa. Alijua kwamba mtoto amesema kweli. Alikuwa amemwangalia binti yake akaona kazi ya kurekebisha.

Jumatatu binti alitoka nyumbani mapema, sare imenyooka, kofia ya sweta kichwani, hakusema anakwenda wapi. Baba alijipa moyo kwamba sare ni dalili njema. Akabeba kamera, taa, kompyuta ndogo na pazia jeupe, akaenda shuleni.

Walimpa darasa tupu. Alilitundika pazia juu ya ubao, akaazima kiti kirefu kutoka maabara, akasogeza madawati ukutani. Mwanga uliingia kwa madirisha ya kushoto, akauziba kidogo kwa magazeti ya kale. Foleni ikaanza.

Ni lazima nieleze namna yake ya kufanya kazi, maana wanafunzi walimpenda kwa hiyo na kumwogopa kwa hiyo. Mtu akikaa mbele ya kamera anakauka, anakuwa sanamu. Mpiga picha huyu aliwayeyusha kwa kuwasema. Hakumbembeleza mtu. "Wewe, umefumba macho unasali au umelala?" "Tai hiyo umefungiwa na ng'ombe?" "Bwana mkubwa, tabasamu, hujaja kukamatwa." "Binti, shingo! Au umeiacha nyumbani?" Wenzake walio kwenye foleni wanavunjika mbavu, anayesemwa anajaribu kubana kicheko, na pale kicheko kinapoanza kutoka, kamera inalia. Wote walitoka kwenye picha wakiwa wazima, na kila mmoja alisemwa sawa na mwenzake, mtoto wa tajiri na mtoto wa mlinzi.

Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni akiita majina kwa mfuatano. Lilipofika jina la binti wa mpiga picha, hakuna aliyesogea. Akaliita tena.

"Yupo shuleni," Kasuku akasema kutoka foleni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema maneno mawili akanyamaza.

"Tutamrudia," mwalimu akasema. Wakaendelea mpaka foleni ikakatika. Wengine hawakwenda, walibaki kwenye madawati wakijifanya wanachambua picha za wenzao. Jina likaitwa mara nyingine, kimya.

Mwalimu akakaribia meza yenye kompyuta ndogo. Alikuwa mwanamke mwema mwenye haraka. Picha zote zilitakiwa kutumwa mchana ule, na mtandao wa shule ulikuwa na tabia zake.

"Mzee, kwani tunahangaika nini? Si mtoto wako huyu? Wewe hukosi picha yake. Weka yoyote humo tumalize."

Sasa hapo ndipo palikuwa na mtihani, na haukuwa wa binti. Picha ya Jumapili ilikuwemo ndani ya ile kompyuta, aliihamishia humo akitoka studio. Sare ipo, pazia jeupe lipo, nywele zipo. Kidole kimoja tu, na mwaka wa mtoto umeokoka. Nani angejua? Baba aliifungua. Msichana mzuri alimtazama kutoka kwenye kioo, hana uvimbe machoni, hana jambo lolote. Mpiga picha akamtazama huyo msichana na akaona kwamba hamjui. Alikuwa amemtengeneza kwa saa nyingi na hakuwa amewahi kumwona popote.

Akaifuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akaijibu ndiyo.

"Sina picha yake, mwalimu."

"Wewe? Mpiga picha?"

"Ninazo za mwaka jana. Huyu wa sasa sijampiga."

"Mzee, unaelewa kwamba nisipotuma leo..."

"Naelewa."

"Atakosa mtihani!"

"Naelewa, mwalimu. Nipe muda kidogo."

Kasuku alikuwa amekwisha toka mbio. Mpiga picha hakumwona. Alikuwa anajisumbua na taa ambayo haikuwa na tatizo. Alijiuliza kama amemkomboa mtoto wake au amemzika, na akaona kwamba kwa kweli hajui.

Binti aliingia kwa kishindo. Alitoka maktaba, Kasuku akihema nyuma yake, na kofia ya sweta bado iko kichwani, lakini macho yalikuwa yanawaka.

"Baba, kwa nini hukuiweka ile picha?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta? Kwa hiyo nikose mtihani?"

"Ulisema nimpeleke yeye akafanye mtihani. Nimeona hatafaulu. Hajasoma."

Mtu mmoja nyuma akatoa kicheko cha pua, akakimeza. Binti hakucheka. Alisimama pale katikati ya darasa, na kila mtu aliona anavyopigana na nafsi yake, kisha akapiga moyo konde. Akaishika kofia, akaivuta nyuma, akaenda kuketi kwenye kiti kirefu.

Darasa likanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kucheka. Wasichana waliinamisha macho, wavulana wakawa na shughuli na kamba za viatu. Mwalimu alisema, "Umependeza, mwanangu," kwa sauti ile ile ya jirani. Binti akakauka kitini. Mabega yalipanda, midomo ikabanwa. Hiyo ilikuwa sura ya mtu anayechomwa sindano.

Baba akaweka jicho kwenye kamera. Alitaka kusema neno zuri. Alilitafuta, naapa alilitafuta, lakini ukimkalisha mtu mbele ya kamera ile mdomo wake ulijua njia moja tu, na ukamponyoka:

"Haya, wewe hapo. Kichwa hicho umenyolewa na panya au na binadamu?"

Mwalimu alijishika kifua. Kasuku alisema "Yarabi!" kwa sauti. Baba mwenyewe, kama angeweza, angeyafuata maneno yake hewani na kuyarudisha kinywani. Binti alimkodolea macho. Kitu kikamtembea usoni, kikaanzia puani, kikafika kwenye kona ya mdomo.

"Na binadamu," akajibu. "Ila alikuwa kwenye simu."

Darasa likalipuka. Kasuku alipiga dawati kwa viganja, mwalimu akageukia ubaoni mabega yakimcheza, na binti mwenyewe, kwanza akabana, akabana, halafu kicheko kikamshinda nguvu. Kamera ikalia. Ikalia tena. Mpiga picha alikuwa anapiga huku haoni vizuri, maana machozi yalikuwa yamemjaa jicho la kazi, akageuka akajifuta kwa kona ya pazia.

Alimwita aje aone, kama alivyowaita wote. Binti akasimama kando yake, wakainamia kioo kidogo cha kamera, na Kasuku akajipenyeza katikati bila kualikwa.

Binti alitazama muda mrefu. Nywele zilikuwa mbaya, hilo halina ubishi. Pengo la kushoto liko pale pale na kisogo kinajisimulia chenyewe. Katikati ya ubaya huo palikuwa na msichana anayecheka.

"Lo!" Kasuku akasema. "Wewe, kumbe una masikio hivyo?"

"Masikio gani?"

"Si hayo! Yamesimama! Mtazame na baba yako. Jamani, njooni muone, yale yale!"

Wakaja. Wakatazama kamera, wakamtazama mpiga picha, wakarudi kwenye kamera. Masikio yake yalikuwa makubwa na yalikaa wazi pembeni mwa kichwa. Hakuwahi kuyafikiria, mwanamume hafikirii masikio yake. Lakini ya binti yalikuwa yamefunikwa tangu utotoni na nywele zilizolazwa juu yake kabla ya kufungwa nyuma, na hata yeye baba, mwenye jicho la kazi, hakujua kwamba mtoto huyu alichukua kitu chochote kutoka kwake. Sura ni ya mama, nywele zilikuwa za mama, sauti ya mama. Binti aliinua mkono, akaligusa sikio lake moja taratibu, akamtazama baba yake pembeni mwa uso.

"Mzee, tutume basi," mwalimu akahimiza.

Mpiga picha akaiunganisha kamera na kompyuta. Picha ikajaa kioo chote, na masikio yakawa makubwa zaidi. Akakohoa.

"Kama unataka, mama," akasema bila kumtazama, "masikio naweza kuyarudisha nyuma kidogo. Ni kazi ndogo tu."

"Thubutu!" binti akasema, akauondoa mkono wa baba yake kwenye kompyuta, akaituma mwenyewe.